Jiko la Mama, Simu ya Mkwe

Mume wangu hajawahi kukanyaga jikoni kwa mama yangu. Tuna miaka kumi na sita ya ndoa na watoto watatu, na muda wote huo hajavuka mlango ule, hajala meza moja na mama, hajamtazama usoni hata mara moja. Kwetu Wakurya mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Tukienda Nyansurura, kijijini kwa mama, yeye anaishia kwenye benchi lililo karibu na zizi la ng'ombe, upande wa pili wa ua. Mama akitaka kwenda kisimani anazunguka nyuma ya nyumba, kanga kichwani, hata kama njia ya mbele ni fupi na mkononi ana ndoo. Salamu zinapita kwangu. "Mwambie shikamoo." "Mwambie marahaba, watoto hawajambo?" Naenda na kurudi kati ya zizi na jiko, na siku nilizoamka vibaya huwa naona kama hawa wawili walikubaliana mimi niolewe ili wapate mtu wa kutuma.

Nimeanza na hilo kwa sababu bila hilo mtu hataelewa kwa nini jiko moja la umeme lilitusumbua kiasi kile.

Mama ni mjane. Anaishi peke yake, na ng'ombe wanane anaowajua kwa jina kila mmoja, na shamba la mahindi na mihogo. Akili yake ni nzima, ila imeanza kuacha vitu njiani. Kiangazi cha mwaka juzi aliinjika maharage kwenye mafiga, akaenda kwa jirani kumwangalia ndama mgonjwa, akakaa huko akipiga soga mpaka walipoona moshi. Jiko lake la zamani lilikuwa la nyasi. Majirani walizima moto kwa mchanga na maji ya kunyweshea ng'ombe, nyumba kubwa ikapona, jiko likawa majivu.

Mdogo wangu wa kiume anafanya kazi ughaibuni. Alipopata habari hakulala, akatuma ujumbe mrefu kwenye kundi la familia: mama ahamie Mwanza, kwa binti wa shangazi yetu, na ng'ombe wauzwe. Kwangu Tarime asingeweza kuja, kwa sababu kwangu ni kwa mume wangu, na mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Mama aliposomewa ule ujumbe alisema, "Mwanza nitakaa sebuleni kwa watu nikiangalia televisheni mpaka nife. Mwambie hapana." Wakavutana miezi miwili, mimi nikiwa katikati kama kawaida yangu. Mwishoni mdogo wangu akalegea. Alisema atatuma jiko la kisasa, na tumpe mama mwaka mmoja. Jiko likimlinda, abaki na ng'ombe wake. Likishindwa, anakuja mwenyewe kumchukua.

Basi jiko likaja. Ni bapa, jeusi, la kioo, lina sahani mbili za kupikia. Nyuma yake pana shingo nyembamba ya chuma, na juu ya shingo kuna kamera ndogo inayotazama vyungu. Chungu kikikauka, jiko linajua, linajizima na kutuma taarifa kwenye simu. Kwa lugha ya kwenye boksi, lilikuwa na akili. Nilisoma maelezo yale nikiwa ofisi ya walimu, rundo la daftari la darasa la sita mbele yangu, nikajiambia angalau mmoja wetu anayo.

Fundi alikuwa mume wangu. Ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta karibu na stendi ya Tarime, na watu wanaofungiwa intaneti kwenye nyumba za wageni na maduka, wengi wamefungiwa na yeye. Jumamosi moja tukafunga boksi kwenye pikipiki, mimi nikikaa nyuma nimekumbatia ruta, kile kisanduku cha intaneti kinachotumia laini ya simu, ndani ya mfuko wa plastiki. Barabara ya kupita Kewanja siku hiyo ilikuwa vumbi tupu, malori ya mgodini yanapishana, na tulipovuka Mto Mara nilikuwa na nyusi nyekundu. Tulifika, yeye akaenda kwenye benchi lake, mimi nikaingia jikoni. Jiko jipya la mama ni la matofali na bati, tulilijenga baada ya ule moto.

Kazi ikaanza. Ruta tuliiweka dirishani kwenye nyumba kubwa, ambako mtandao unashika. Jiko la umeme lilikuwa juu ya meza kule jikoni. Fundi alikuwa zizini. Mimi nilikuwa kila mahali.

"Taa inasemaje?" alipaza sauti.

"Inawaka."

"Rangi gani?"

"Bluu."

"Imetulia au inakonyeza?"

Narudi jikoni, naangalia, natoka tena. "Inakonyeza!"

"Mara mbili mbili au mfululizo?"

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akichambua dagaa. "Anasema nini?" aliniuliza, wakati sauti ya mume wangu ilikuwa inasikika mpaka kwa majirani. Nikamrudia mama neno kwa neno, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Naye akanijibu, "Mwambie inakonyeza kama mtu aliyeingiwa na mdudu jichoni." Nikampelekea hilo nalo.

Saa nzima jiko halikuona ruta. Mume wangu alikuna kichwa, akafikiri, akaniita pale kwenye benchi akanieleza. Ruta ile inatoa mawimbi ya aina mbili, ya haraka yasiyopenda kuta na ya polepole yanayopenya kuta. Majiko ya namna hii yanajua yale ya polepole tu. Akaingia kwenye mipangilio ya ruta kwa simu yake, akazima yale ya haraka, akanituma nikaisogeze ruta kwenye dirisha linalotazamana na jiko. Nilifanya hivyo. Taa ya bluu ikaendelea kukonyeza, lakini sasa jiko lilikuwa limeiona ruta. Likataka simu isogezwe karibu nalo ili liandikishwe.

Hapo ndipo tulipokosea, na nitalisema wazi kwamba tulikosea wote wawili.

Simu yangu ilikuwa ya zamani, imejaa picha za mahafali na video za kwaya. Ile programu ya jiko ilikataa kuingia. Mama ana simu ya kitochi, ile ya vitufe. Iliyobaki ni simu ya mume wangu. Mama akaondoka akaenda migombani, ili mkwe apate nafasi ya kusogea. Mume wangu akaja akasimama nyuma ya jiko, nje, simu imegusa ukuta. Mimi ndani nikaweka kidole kwenye kitufe. "Sasa!" akasema. Nikabonyeza. Taa ikatulia. Tulipiga vigelegele, mimi ndani, mama kule migombani, na kwenye simu ya mume wangu ikatokea sufuria ya mama, tupu, imepigwa picha kwa juu. Alinionyesha dirishani kwa furaha ya fundi. Tulikuwa tumehangaika kutwa nzima ili mguu wake usiingie jikoni kwa mama, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba ameingia kwa njia nyingine. Tulikunywa chai, yeye kwake, sisi kwetu, tukarudi Tarime.

Wiki iliyofuata mama alianza kunipigia. Ilikuwa kila siku, na kila mara nikiwa darasani.

"Jiko lako limeanza kukonyeza tena."

"Zima ukutani, mama. Subiri kidogo, washa."

"Nimezima. Nimewasha. Linakonyeza."

"Ruta ina taa?"

"Ina taa zote. Hata za Krismasi hazifiki hapo."

Nilijifunza kutatua matatizo ya intaneti nikiwa nimesimama kwenye korido ya shule, sikio moja kwa mama na jingine kwa darasa la nne wanaopiga kelele. Jioni nampelekea mume wangu ripoti, anatikisa kichwa. Bando lilikuwa linaisha kabla ya mwezi kufika katikati. Alisema jiko peke yake haliwezi kula kiasi hicho hata likipika mchana kutwa.

Jumamosi tukarudi Nyansurura. Kabla hatujafika nyumbani tuliona watu kwenye ua wa mama. Wamekaa kwenye nyasi kuuzunguka mchongoma, wamejiinamia simu zao, vijana kwa wazee, na mzee mmoja wa ukoo wetu ameleta na kiti chake. Tuliwaamkia, shikamoo kwa wakubwa, wakaitikia bila kuinua macho. Nilipofika mbele ya nyumba nikaona ukutani, kwa mkaa, herufi kubwa zilizonyooka: nenosiri la waifai, lote, pamoja na ile alama ya reli mwishoni.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni ile namba yenu," alisema. "Watu wanakuja wananiuliza, mimi sijui kuitaja. Jirani ameisoma mgongoni mwa ruta akaniandikia hapo, kila mtu ajisomee."

"Hii siyo ya kila mtu."

Alinitazama kama nimemtukana mgeni. "Mtu amekuja kwako ameomba kitu ambacho hakipungui, utamnyima? Nimekulea hivyo?"

Kwenye benchi mume wangu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nikamweleza mama kwamba kinapungua, tena sana, na kwamba mtu mwenye lile nenosiri akiwa mjanja anaweza kuchezea mpaka jiko. Aliniuliza nani atataka kuchezea jiko la bibi. Nilichukua kitambaa cha maji nikafuta ukuta, na wale watu nje wakanikodolea macho ya lawama. Mzee wa ukoo akabeba kiti chake akaondoka bila kuaga.

Ilibidi tutafute nenosiri jipya, ambalo mama atalikumbuka na hatalitoa. Nikapendekeza jina la ng'ombe wake wa kwanza. Akasema hilo kijiji kizima kinalijua. Jina la marehemu baba, vilevile. Alisugua vidole vyake, kisha akanivuta karibu akaninong'oneza jina sikioni. Lilikuwa la mtoto wake aliyezaliwa kati yangu na mdogo wangu, akaishi miezi michache. Sikuwa nimelisikia likitajwa tangu nikiwa mdogo. "Hilo sitamwandikia mtu ukutani," alisema.

Nilienda kwa mume wangu. Nikamwambia kuna jina nataka kuliandika na siwezi kumtajia. Hakuuliza chochote. Alifungua mahali pa kuandikia, akanikabidhi simu, akageuka akawatazama ng'ombe mpaka nilipomaliza. Nilimpenda sana siku ile, na ninaliandika hapa kwa sababu siku yenyewe sikumwambia.

Baada ya hapo jiko likatulia. Halikukonyeza tena. Mdogo wangu aliuliza kwenye kundi kama mama anaendeleaje, nikaandika "Vizuri kabisa," na nikaweka kale kasura kanakocheka.

Wiki mbili hivi zikapita. Siku moja mume wangu alirudi kutoka kibandani akasema hana njaa. Kesho yake pia. Akawa anakaa mlangoni ameinamisha kichwa, nikimsemesha anajibu neno moja. Simu aliiacha kwenye droo ya kazini. Sitaficha nilichofikiri: nilidhani ana mwanamke. Siku ya tatu nikamwekea chakula mbele, nikafunga mlango, nikamwambia aseme au ale, achague.

"Nimemwona mama," alisema.

Nilidhani anaongelea ndoto. "Umemwona wapi?"

"Jikoni kwake."

Ikamchukua muda kunieleza, na alinieleza akitazama sakafu. Ilikuwa mchana, wateja wamejaa kibandani. Simu ikalia, taarifa: kuna mtu anatembea jikoni. Bila kuisoma akadhani ni mteja ametuma picha ya kioo kilichopasuka, akafungua. Mama alikuwa ametoka shambani na joto lile, amevua blauzi, amebaki na kanga ya kiunoni, amekaa mbele ya meza anajipepea na sahani. Shingo ya chuma ilikuwa imegeuka, na kamera iliyotakiwa kutazama sufuria ilikuwa imemtazama yeye. Mume wangu aliiweka ile simu chini kama imemuunguza. Baadaye aliifuta picha bila kuiangalia tena, akazima taarifa zote za jiko, moja baada ya nyingine, ili kisitokee kitu kingine.

"Sijui nitamwamkiaje," alisema.

Mtu wa mahali pengine angecheka. Mimi sikucheka. Nilimwona mtu mzima mwenye ndevu za mvi anashindwa kuinua macho, na nikajua ananisubiri niseme la kufanya, kama mama naye atakavyonisubiri. Nilichosema ni kwamba ale kwanza. Alikula matonge mawili.

Ningekwenda kwa mama Jumamosi ile ile. Sikwenda. Kulikuwa na mitihani ya kusahihisha, halafu mtoto wa pili akaugua, halafu nilikuwa nimechoka, na hilo la kuchoka ndilo la kweli zaidi. Nilichoka kuwa mdomo wa watu wengine. Nilijiambia jiko linafanya kazi, maneno yatasubiri. Kwamba taarifa zimezimwa nililijua, lakini kichwani mwangu nilizihesabu kuwa ni zile za aibu tu. Sikukumbuka kwamba jiko lile lililetwa kwa ajili ya taarifa. Karibu mwezi mzima ukapita bila mtu yeyote kusikia linasema nini.

Mwishowe mume wangu alinitengenezea simu nyingine, yenye uwezo, akasema jiko lihamie kwangu naye afutwe kabisa. Kulihamisha kulitaka simu zote mbili ziwe karibu na jiko. Tukaenda. Safari hii hakuagiza salamu. Alikaa kwenye benchi, mgongo ameupa nyumba.

Nilimkuta mama anasonga ugali. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitayasema. Mwiko ukasimama katikati ya sufuria.

"Nilikuwa nimevaa nini?" aliuliza.

Nikamwambia.

Alizima sahani, akakaa kwenye kigoda, akajifunika uso kwa kanga. Kisha akainuka, akachana kipande cha kitambaa cha kupangusia, akakifunga kwenye ile kamera mara mbili, akakaza fundo kwa meno. "Sasa na liwe kipofu," alisema. Baada ya kidogo akaongeza, kwa sauti ya chini, "Masikini. Ndiyo maana leo hajaniamkia."

Nilidhani gumu limekwisha. Mama akasogea kwenye kona ya mbali ya jiko, mume wangu akaja akasimama nje ya ukuta kama mara ya kwanza. Tukahesabu tatu. Nikabonyeza. Jiko likatoka kwake likaja kwangu, na simu yangu mpya ikaanza kuingiza historia, maana jiko linakumbuka kila kitu hata kama hakuna anayelisikiliza.

Chungu kimekauka. Sahani ya kushoto imezimwa.

Chungu kimekauka. Sahani ya kulia imezimwa.

Niliendelea kushuka kwa kidole. Mara kumi na moja ndani ya mwezi mmoja. Moja ilikuwa ya asubuhi ya siku ile ile, kabla hatujafika.

"Inasema nini?" mama aliuliza.

Nikamsomea. Nilitamani nidanganye ila nilisoma. Hakubisha. Alivuta kutoka chini ya meza sufuria tatu zilizopangwa kwa uangalifu, akazigeuza nikaona vitako vyake, vyeusi, kimoja kimepinda. Alikuwa amezificha. Nikamwangalia vizuri sasa, kama nilivyopaswa kumwangalia tangu nilipoingia, nikaona upindo wa kanga yake umeungua, kipande cha ukubwa wa kiganja kizima. Umeme ukikatika, alisema, anarudi kwenye mafiga huko nje. Na mafiga hayajizimi.

"Mdogo wako naye anaona hayo?"

"Haoni. Ni mimi peke yangu sasa."

"Basi futa."

Kulikuwa na mahali pa kufutia, chini kabisa, pameandikwa hivyo hivyo: Futa historia yote. Kidole changu kilikuwa juu yake. Ningebonyeza, mdogo wangu asingejua, mwaka ungeisha, mama angebaki na ng'ombe wake. Niliwaza Mwanza, niliwaza ile sebule na televisheni. Niliwaza kanga.

"Mama, siwezi."

"Ni kidole tu."

"Nikifuta, siku utakayoungua nitakuwa nimeandikiwa mara kumi na moja na nikafuta." Hapo sauti ikanivunjika na yote yakatoka pamoja, bila adabu. Nilimwambia nimechoka. Nimechoka na barabara, nimechoka na kupokea simu darasani, nimechoka kumdanganya mdogo wangu kwa kasura kanakocheka, nimechoka kusema "mwambie" na "amesema". Nililia kama mtoto mbele ya mama yangu, ugali unapoa. Naye hakunigusa. Alikuwa analia vilevile, anatazama sufuria zake.

Mimi na yeye tulikuwa tumesahau kwamba ukuta wa lile jiko ni tofali moja, na kwamba nyuma yake alikuwa amesimama mtu.

"Mama."

Ilikuwa sauti ya mume wangu, na hakuwa ananiita mimi. Mimi haniiti hivyo. Mama alishika kanga yake kifuani ingawa hakukuwa na mtu wa kumwona.

"Kiwanja chetu kina nafasi nyuma," alisema kutoka nje, polepole, kama mtu anayepita mahali penye giza. "Siyo nyumbani kwangu. Ni pembeni, nitatenga kwa ukuta. Nitajenga vyumba viwili na jiko lake. Ng'ombe wawili watatu watapata zizi. Wengine watalelewa hapa hapa kwa ndugu, hatuuzi. Mwanao atakuwa anakuja kwako kwa miguu."

Nilisikia kuku wakipekua nje. Mama alinigeukia, kwa mazoea ya miaka yote hiyo, akaanza, "Mwambie..." Aliutazama ukuta, hasa pale sauti ilipotokea, akajifuta macho kwa ule upindo ulioungua.

"Mkwe wangu," alisema. "Mlango utaangalia wapi?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumpelekea.

"Utaangalia njia ya nyuma, mama. Mimi napita mbele."

Nikafunga mdomo. Nilibaki pale katikati ya jiko nimeshika simu, sina cha kupeleka kwa mtu.